Nafasi ya Neno Moja

Jumatatu, 2 Mei 1955

Nimepata! Naandika hilo kwanza, mengine yatafuata. Nimepata nafasi Makerere!

Barua ilikuja na posta ya ofisini. Bwana Polikarpo, karani mkuu wetu, aliileta mwenyewe mezani kwangu. Akaiinua dirishani kama mtu anayetazama yai viza. "Muhuri wa Kampala. Umefanya kosa gani huko, Mwishehe?" Nikajibu labda ni orodha ya vitabu. Uongo, na mie nimefunga! Nikajificha nyuma ya kabati la ramani, nikasoma mara nne.

Kuna fomu moja tu. Mstari wa mwisho una mambo mawili: kushoto niandike kozi niliyochagua, neno moja, kwa wino, kulia mlezi atie sahihi. Fomu iliyofutwa haipokelewi. Iwe posta Jumamosi tarehe 14, kabla ya saa sita mchana. Matokeo yangu yananiruhusu Arts au Medicine.

Neno moja. Maisha yangu yote kushoto mwa mstari!

Nimeiweka fomu ndani ya kamusi. Nimeitazama mara sita kama ingalipo. Ipo.

Jumanne, 3 Mei 1955

Nimemwambia Mama baada ya futari. Alipiga vigelegele na uji ungali mdomoni. Dada yangu Chausiku akatoka mbio uani, akawatangazia majirani kabla sijamaliza sentensi: "Kaka anakwenda kuwa daktari! Sie tutatibiwa bure, nyie jipangeni foleni!"

Sikuwa nimetamka neno daktari. Hakuna aliyeniuliza.

Baadaye Mama akatulia. Akasema marehemu Baba alilala na homa siku tisa, na kama nyumba ingekuwa na daktari wake… Akanipakulia tambi mara ya pili.

Nitamwambiaje? Mie niliyezirai shuleni mwalimu alipopasua chura! Chura mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Ninachokitaka ni Jiografia, na Jiografia iko Arts. Miaka miwili nimekaa ofisini nikinakili kwenye ramani majina yaliyoletwa na watu wengine, herufi kwa herufi, nikiogopa kudondosha wino. Nataka siku moja niwe mtu anayejua kwa nini mto umepinda pale. Nimeandika. Sasa nimelisema, ingawa kwa karatasi tu.

Alhamisi, 5 Mei 1955

Barua ya Ansbert! Tulikaa dawati moja shuleni, sasa yuko mwaka wa pili kule kule Makerere. Kurasa saba!

Anasema kila mtu ana kitanda chake na taa ya umeme ya kusomea. Wanavaa joho jekundu wakienda kula, na yeye la kwake lina doa la mchuzi wa karanga tangu wiki ya kwanza. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, na jioni, kwa kubadilisha, ndizi. Mezani wanabishana kozi ipi bora hadi wapishi wanawafukuza. Watu wa sayansi wanawaita wa Arts "wasoma magazeti". Wa Arts wanawaita wale "wauguza panya".

Yeye alianza sayansi kwa kumridhisha babake. Muhula mmoja tu akahama, na babake hajamwandikia tangu hapo. "Chagua kitu ambacho utakisoma hata siku isiyo na mtihani," ameandika. Halafu chini, kwa penseli: "Lakini ujue gharama yake."

Kuhusu baadaye anasema wenye shahada wanatafutwa. Ualimu wa sekondari, ofisi za wilaya, hata upimaji wa ardhi. Hebu nifikiri! Darasa langu mwenyewe, ramani ukutani, na kila mtoto aje aweke kidole kwenye mtaa wake.

Treni hadi Mwanza, kisha meli ziwani. Sijawahi kupita Morogoro! Ninaogopa meli. Naitamani.

Jumapili, 8 Mei 1955

Nimetoka kwa Mjomba Kondo. Tangu Baba afariki yeye ndiye mlezi, basi sahihi ni yake. Ni fundi wa kanzu, pia ndiye muadhini wa msikiti wetu hapa Temeke. Mwezi huu hana nafasi ya kupumua. Kanzu za Idi zimerundikana hadi dirishani, na cherehani inanguruma tangu alfajiri.

Nilijitayarisha. Arts ni nini kwa Kiswahili? Nilitafuta kwenye kamusi ya ofisini, nikapata: sanaa. Neno zuri, lina heshima. Nikalirudia njia nzima.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, daktari."

Nikasema haraka haraka kabla sijaogopa: Mjomba, si udaktari, nataka kwenda kusoma sanaa.

Cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama. Mjomba alivua miwani, akasema "Astaghafirullah" kwa sauti ndogo. Kisha akauliza kama Mama anajua. Nikasema bado. Akasema niache fomu nyumbani, atafikiri. Hakunitazama tena. Nilipotoka nikasikia cherehani inaanza, inakwenda polepole, kama mgonjwa.

Sikutegemea achukie kiasi kile.

Jumatatu, 9 Mei 1955

Kazini. Nimeandika "Medicine" kwenye karatasi chakavu mara ishirini. Hati nzuri sana.

Jumanne, 10 Mei 1955

Sasa nimejua! Nicheke au nilie?

Jioni Chausiku amerudi kutoka bombani, ndoo nusu, macho yamemtoka. "Kaka, ni kweli? Wanasema unakwenda Kampala kujifunza kuchonga sanamu!"

Sanamu! Mie nilisema sanaa, na Mjomba, juu ya kelele za cherehani, kasikia sanamu! Muadhini wa msikiti, mpwa wake anakwenda kusomea masanamu, tena mwezi wa Ramadhani! Alimwuliza mtu mmoja tu, kwa siri, kama kuna chuo cha mambo hayo. Yule mmoja ana mke.

Nilipopita dukani kwa Bwana Nasser kununua mafuta ya taa akaniita pembeni. Akaninong'oneza kwamba yeye hana neno. Lakini nikishahitimu nimchongee mlango, maua tu, "maana mlango hauna roho, mwanangu." Nikamwambia Bwana Nasser, mie siwezi kuchonga hata penseli. Akanikonyeza.

Mama anakuna nazi kwa nguvu kupita kiasi. Nilipomweleza kwamba ni uvumi akasema alijua, mwanawe ni daktari, watu wana husuda tu.

Ilikuwa nafasi ya kumwambia yote. Nikaenda kuchota maji.

Jumatano, 11 Mei 1955

Nilifika hadi kona ya nyumba ya Mjomba. Wateja watano barazani. Nikarudi.

Nikiandika Medicine, kila mtu atafurahi leo hii. Kila mtu isipokuwa mmoja, na huyo amezoea.

Alhamisi, 12 Mei 1955

Sijui nianzie wapi. Mjomba amekuja OFISINI!

Saa nne, nimeinama kwenye ramani kubwa ya kusini ya mji. Nikasikia Bwana Polikarpo, ambaye hamwamkii hata padri wake vizuri, anasema "Shikamoo, mzee." Nikainua kichwa. Kanzu nyeupe, koti, tepu ya ushonaji bado shingoni. Nusura nimwage wino.

"Nimekuja kuziona," Mjomba akasema.

"Kuona nini, Mjomba?"

"Hizo sanamu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila hofu ila ile. Nikasema si sanamu, ni sanaa. Sa-na-a. Elimu ya nchi na watu, mito, lugha, mambo ya kale. Bwana Polikarpo alipasuka kicheko, andazi lake likaanguka. "Huyu kuchonga? Mzee, huyu hata kalamu yake namchongea mie!"

Mjomba hakucheka. Akatazama mezani. "Na hii ni nini?"

Nikamwonyesha. Bandari, Kigamboni ng'ambo, Temeke yetu. Akafuata kwa kidole bila kugusa karatasi, kama anavyopita juu ya kitambaa cha watu. Akafika Chamazi, alikozaliwa yeye na Mama. Kijani tupu.

"Mbona hapa hapana mtu?"

"Hatujaletewa majina, Mjomba."

"Hamjaletewa!" Akaanza kuyataja. Kisima cha Bi Zuena. Kwa Mwinyi Hofu. Bonde la Viazi. Makaburi Mawili, ambayo sasa ni matano. Nikachukua karatasi chakavu, ile ile yenye "Medicine" ishirini, nikaandika nyuma yake. Yeye anataja, mie naandika. Bwana Polikarpo akaacha kucheka, akasogeza kiti chake.

Mwisho Mjomba akauliza: waliosoma hiyo sanaa ndio wanaoamua kipi kiandikwe?

Nikasema baadhi yao, ndiyo.

Halafu swali la ajabu: hilo neno la Kizungu lina herufi ngapi?

"Nne, Mjomba."

"Na la udaktari?"

"Nane."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kanzu zake.

Sijui maana yake. Nimefurahi mno hata siwezi kukaa.

Jumamosi, 14 Mei 1955

Saa nne na nusu asubuhi. Niko nyumbani. Bwana Polikarpo amenipa ruhusa ya saa moja; akiulizwa atasema nimekwenda kwa fundi, na huo si uongo mzima. Baiskeli ya kuazima iko mlangoni, tayari kwa safari ya posta.

Mjomba amekuja. Mama amemtandikia mkeka mpya, kisha akatoka kusimama uani na majirani watatu waliokuja kushuhudia. Nilianza kusema, "Mama, kuhusu hiyo kozi…" Akaniambia nisimchanganye Mjomba anapoandika.

Mjomba anaandika kwa herufi za Kiarabu, basi ameanzia ukingoni kabisa, kulia. Kondo bin Mwinyimvua. Nikadhani amemaliza. Akachovya tena: bin Salumu. Akachovya tena: bin Mwishehe, babu ninayeitwa kwa jina lake. Herufi pana, zimelala kwa starehe, zikivuka sehemu ya mlezi, zikija kushoto, kushoto! Nikasema Mjomba, nafasi! Hakuinua kichwa.

Mtu ambaye kwa miaka thelathini hajaharibu shubiri moja ya kitambaa.

Ameweka kalamu. Amepuliza. Kushoto kabisa mwa mstari imebaki nafasi ya upana wa vidole viwili.

"Ala," amesema, kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Nimelipunja. Neno refu halitaingia."

Ameketi sasa, ananitazama juu ya miwani, na mie najifanya nasubiri wino ukauke. Ndiyo maana naandika haya. Umekwisha kukauka. Ninajua, maana nimeugusa.

Herufi zangu ni ndogo kuliko za mtu yeyote ofisini. Nikibana, nane zinaingia. Mjomba hajui hilo. Najua mie peke yangu.

Mama anauliza kutoka uani, majirani wote wamenyamaza wamsikie, neno daktari kwa Kizungu linaanza na herufi gani.

Nimechovya kalamu. Nimesema, "Mama, njoo ndani kwanza. Neno langu linaanza na A."