Meno Mapya ya Kikongwe

Jumatatu, 4 Machi
Wameniita tena! Sehemu ya pili ya filamu inaanza kurekodiwa, na mwongozaji kasema Kikongwe, yule bibi wa kutisha, abaki yule yule. Kinyago changu! Kile kilichowafanya watu wazima wajifunike macho ukumbi mzima. Bango la filamu ya kwanza bado liko ukutani pale ofisini. Leo nimelipita mara kadhaa bila shughuli yoyote ya maana.

Sura ile niliitoa usoni kwa Mama. Nilimlaza chali sebuleni, nikampaka plasta, nikapata kalibu ya uso wake, nikamimina mpira humo. Mdomo ule uliozama ndani kwa kukosa meno ndio uliotisha watu. Mama mwenyewe ndiye aliyejitangaza — kwa majirani, kwa muuza maziwa, hadi kwa daktari wa macho. "Yule mnayemkimbia ni mimi."

Kinyago chenyewe kimekauka na kupasuka, mpira haudumu. Si neno. Kalibu ipo stoo, kesho namimina kingine.

Jumanne, 5 Machi
Kalibu haipo. Yaani ipo — vipande. Mtunza stoo alikuwa anaitumia kuzuilia mlango usijifunge. Upepo ukavuma, mlango ukaisukuma, ikabingirika ngazi zote. Ananieleza huku anatikisa kichwa, utadhani nimeenda kumpa pole yeye. Nilitoka nje kwanza. Ningebaki mle ningemrukia.

Haya. Mama yupo, uso upo. Tunaanza upya.

Jumatano, 6 Machi
Nilisahau meno!

Malipo ya filamu ile ya kwanza ndiyo yaliyompatia Mama meno ya bandia, juu na chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila hayo. Hata kuyaosha anajifungia mlango. Leo nimemwomba ayatoe kidogo tu, nimpake plasta. Kaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Miaka yote ile nilikuwa nacheka nimeziba mdomo kwa mkono," akasema. "Sirudi huko, mwanangu. Hata kwa ajili yako."

Nikampaka hivyo hivyo, meno yakiwa mdomoni. Ningefanyaje?

Alhamisi, 7 Machi
Kinyago kimetoka kizuri. Ndiyo balaa lenyewe — kizuri! Mwongozaji kakizungusha mkononi, kakitazama weee, kisha kasema huyu bibi anakuja kutualika harusini. Kicheko chumba kizima. Nikajaribu kuubonyeza mdomo kwa udongo, akawa bibi mwenye jino bovu.

Nimepewa mpaka Jumamosi. Nikishindwa wataagiza vinyago vya kiwandani. Nimeonyeshwa kimoja: kinang'aa kama sahani, hakina hata mkunjo. Yaani Kikongwe wangu niliyemlea avae hicho? Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la plasta.

Mama kaona uso wangu jioni, nikamweleza yote. Akauliza kama hivyo vya kiwandani vinatisha. Nikasema hata kidogo. Akamaliza chai yake, akaingia chumbani.

Ijumaa, 8 Machi
Udongo umeshindikana.

Jumamosi, 9 Machi
Nilikuwa studio nakusanya brashi zangu niende kwa mwongozaji nikakubali yaishe. Mlango ukafunguliwa — Mama! Kavaa gauni lake la kutokea, wifi yangu kamshika mkono. Watu wa taa, watu wa mavazi, wote wakageuka. Akauliza mwongozaji ni yupi. Akaonyeshwa.

"Wewe ndiye unayesema sura yangu haitishi?"

Mwongozaji akaanza kujiumauma. Mama hakumngoja. Akatoa meno ya juu. Akatoa ya chini. Akayafuta kwa leso taratibu, akampa wifi ayashike. Kisha akamgeuzia mwongozaji uso, akamtolea macho — na mwongozaji akarudi nyuma! Nimeshuhudia mwenyewe! Bila kinyago, bila rangi, mchana kweupe.

Hakuna aliyecheka. Mama akalala juu ya meza yangu ya kazi, akapanga gauni lake vizuri. "Fanya kazi yako, mwanangu," akasema, maneno yanavuja upepo.

Nimempaka. Mikono yangu haijawahi kutulia hivi. Sasa plasta inakauka, naandika hapa pembeni yake, mkono mmoja kaushika yeye. Mdomo umeingia ndani vizuri kabisa, uzuri wa kutisha! Huyu ndiye Kikongwe. Huyu ndiye mama yangu. Asitikisike tu, plasta ikijikunja sasa hivi nimekwisha.

Mwongozaji kajisogeza kwa wifi, anamuuliza kwa heshima zote kama anaweza kusaidia kushika meno. Wifi anamnong'oneza kwamba asijaribu, yanauma.

Mama kasikia. Tumbo linaanza kutikisika kwa kicheko. Mama, jamani, vumilia kidogo tu! Anaubana mkono wangu, tumbo linazidi, na mimi mwenyewe sasa —