Jitu Jekundu Limefifia, au Macho Yangu?

Jumatatu, 3 Machi
Jitu langu jekundu limefifia tena. Nyota kubwa kuliko jua mara mia kadhaa — na inanizimikia machoni! Nimemwambia Profesa. Kacheka. Eti nyota nyekundu ukiikodolea sana inakudanganya. Nikamjibu kwamba siku hizi nachungulia tu kwenye darubini, naondoa jicho upesi, kama alivyonifunza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Kamera ya infraredi ya Fundi wetu wa vyombo, ile inayoona mwanga wa joto ambao jicho halioni, inasema nyota haijabadilika hata chembe. Profesa: basi, kesi imekwisha, Ijumaa kikao cha kugawa zamu kinawapa wengine saa zetu za darubini. Miezi miwili ya kazi yangu! Nimelia chooni. Mama akapiga simu, akauliza nyota yangu haijambo. Nikasema ni mgonjwa. Akasema mgonjwa haachwi peke yake. Huyu mama!

Jumatano, 5 Machi
Aibu. Nimesoma daftari la Januari. Nilikuwa bado mgeni, nakodoa! Ukikodoa, nyekundu inazidi kung'aa — kwa hiyo niliipa nyota mwanga ambao haikuwa nao. Ningeweza kufunga mdomo. Nimeifuta Januari yote mbele ya Profesa. Imebaki Februari mpaka leo, na bado inashuka. Kidogo, lakini inashuka.

Alhamisi, 6 Machi
Kwenye chai nimemuuliza Fundi: nyota ikitema vumbi, ikajifunika nalo, kamera yako ingeona nini? Akasema joto linapenya vumbi, kwa hiyo isingeona badiliko. Tukatazamana. Kumbe! Tulichodhani kinanipinga ndicho kinachonitetea! Ila vumbi nalo linapata joto. Kwa chujio lile jingine la kamera, linalopitisha mwanga wa vitu vya uvuguvugu tu, nyota lazima iwe imezidi kung'aa. Chujio liko kabatini mwaka wa pili. Fundi kaacha chai yake nusu.

Ijumaa, 7 Machi
Saa moja kasoro jioni, mbingu bado ina rangi. Kikao kimeanza ghorofani. Fundi anapoza kamera, ananikataza hata kupumua karibu nayo. Namba ya kwanza — imepanda! Anasema moja si kitu, mpaka zifike kumi. Ya pili, imepanda! Nafurahi, naogopa. Profesa kaingia anahema. Kikao kimempa dakika kumi. Ananiuliza — mimi! — akawaambie ni vumbi? Ya tatu bado inasomwa. Nimemjibu sijui bado, nazitaka zote kumi. Kavua koti, kakaa kuzisubiri nasi.