Siku Niliyowavuta Watazamaji

Kulwa mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Kambarage bibi yako hajambo, na mpunga umechanua.

Unauliza kama ni vibaya kubishana na wenzako huko Kanada, timu yenu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu inapofungwa kwenye mtoano. Bishaneni tu, ni raha.

Ujanani mwangu makundi mawili ya ngoma yalishindana uwanja mmoja, na lililovuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Siku moja nilisimama pembeni kueleza jinsi wachezaji wetu walivyolegea. Nilieleza vizuri mno, watazamaji wetu wote wakaja kunisikiliza.

Tulishindwa. Nikifumba macho bado namwona kaka yangu, anacheza polepole ndani ya vumbi la jioni, na hakuna anayemtazama.

Babu yako