Mteremko Unaopanda

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi zahanati, kama kawaida. Kupokea wagonjwa, kuandika majina, kula ndizi nimesimama. Mchana mbio hadi masomoni hapa mtaani Dilala, juu ya pikipiki ya taxi-moto, madaftari ndani ya koti kwa sababu ya mvua.

Asistanti Ngoy, kijana anayetufundisha hesabu za biashara, ameanza sura ya mstari mnyoofu. y = ax + b. Herufi nyingi kuliko namba. Nimeandika yote. Sijaelewa kitu.

Clarisse ameelewa. Nimemtazama kwa nyuma, shingo imetulia, kalamu inakimbia. Binti yangu, mwaka wa kwanza kama mimi. Yeye anakaa mbele, mimi nyuma kabisa karibu na mlango. Ndivyo alivyoniomba tulipojiandikisha: "Mama, kule ku masomo usiikale pembeni yangu. Na usiniite Bebe." Yeye ana jina la babu yake mzaa baba, mimi la baba yangu, kwa hiyo hakuna anayejua. Nilikubali. Iliniuma. Bado inauma.

Jumanne, 4 Machi

Sista mkuu wa zahanati ameniita. Tata Mwamba, mhasibu wetu, anastaafu masomo yakifungwa, anarudi kwao Mutshatsha. Nikipita mwaka wa kwanza, kiti chake ni changu. Nisipopita, watatafuta mtu wa nje. Amesema kwa upole, lakini amesema.

Furaha imenichanganya. Nimetia chumvi mara mbili kwenye sombe, majani yetu ya muhogo. Mume wangu amekula yote. Anaendesha lori kubwa kwenye shimo la mgodi wa Mashamba; akirudi na njaa, hula chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Leo "pente". Asistanti anasema kwa Kifaransa, mimi kichwani nageuza: mteremko. Hapo ndipo ninapopotea. Mteremko kwetu unashuka, basi. Wake unaweza kupanda.

Nimeinua mkono, nimeuliza mteremko gani huo unaopanda. Darasa limecheka. Asistanti hakucheka. "Mama, kilima ni kile kile. Inategemea umetokea upande gani. Sisi siku zote tunatoka kushoto kwenda kulia." Clarisse hakucheka, lakini hakugeuka pia.

Kisha habari yenyewe. Jumatano ijayo tutatatua hesabu ubaoni, wawili wawili, mbele ya wote. Alama zake ni nusu ya somo zima. Wenzi wamepangwa kwa kuokota vikaratasi. Mimi nimeangukia kwa Clarisse.

Nimeona mabega yake yakishuka. Mteremko halisi, ule ninaoujua.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi mezani tangu asubuhi. Clarisse anafundisha haraka mno.

"Mama, wima juu, mlalo chini. Nilishasema mara ngapi?"

Nimepiga meza. Nimemwambia nilipomfundisha kutembea sikuhesabu mara alizoanguka. Ametoka kuanua nguo, mvua ilikuwa inaanza.

Mume wangu alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akauliza kwa upole tunagombania nini. Nikamweleza kwa hasira: lori lako linatoka chini ya shimo. Linasogea mbele, na huku linapanda. Chukua ulivyopanda, gawanya kwa ulivyosogea mbele. Ndiyo pente, hakuna kingine. Nikajisikia nikisema. Kumbe najua.

Clarisse alikuwa mlangoni, nguo zimejaa mikononi. "Ni ile, mama. Ni ile tu."

Tumecheka mpaka nguo zimeanguka chini. Zimefuliwa upya. Sijali.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya mazoezi yote ya sura, nimepata karibu yote. Naona mistari kila mahali. Paa la jirani. Ngazi ya fundi. Mgonjwa mmoja leo amenikuta nacheka peke yangu kaunta.

Lakini naogopa. Daftarini najua. Ubaoni, macho ya watoto wale mgongoni, sijui.

Jumatano, 12 Machi

Mikono bado ina chaki.

Hesabu yetu: mwokaji wa mikate. Akioka sinia mbili, anatumia ndoo nne za makala, mkaa wa tanuri. Akioka sinia sita, ndoo sita. Tafuta mstari.

Clarisse aliandika nukta mbili, akanipa chaki. Juu nikaandika nne toa sita. Chini sita toa mbili. Nikapata nusu, lakini hasi. Nikaendelea nayo, nikachora mstari unaoshuka, mrefu, safi kabisa, hadi chini.

Nyuma kijana mmoja akasema, "Sinia kumi, makala hakuna. Mama huyu anaoka na maombi." Darasa likapasuka. Nikatafuta mlango kwa macho.

Clarisse akageukia darasa. Sauti haikuwa kubwa.

"Huyu ni mama yangu. Mumuache amalize."

Hata asistanti alishusha kalamu.

Kisha akaniambia, polepole kama mtu mwenye siku nzima: "Mama, hapa juu ulianza na nukta ipi?"

Nikatazama. Juu nilianza na ndoo za sinia mbili, chini nilianza na sinia sita. Nilikuwa nimetoka pande mbili kwa wakati mmoja. Nikafuta kwa kiganja. Sita toa nne, sita toa mbili. Nusu. Inapanda. Kila sinia inakula nusu ndoo, na ndoo tatu zinaungua kupasha tanuri kabla ya mkate wowote. y = ½x + 3. Nikajaribu na sinia mbili: nne. Na sita: sita. Nikachora tena, na safari hii mstari ulipita kwenye nukta zote mbili.

Yule kijana ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kumi na sita juu ya ishirini. Asistanti amekata alama kwa lile kosa, ana haki. Njiani sikukumbuka hata kukinga kichwa na mvua. Nimefurahi. Nimefurahi kupita siku ya harusi, na sitamwambia mume wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Clarisse amekuja nyuma na begi lake, amekaa kando yangu. Darasa zima sasa linaniita Mama Clarisse. Amekunja uso kidogo. Hakuhama.

Jumapili, 16 Machi

Misa, ugali wetu wa bukari, usingizi mfupi. Mume wangu yuko kazini, zamu. Clarisse amekwenda kusukwa nywele kwa rafiki yake.

Nyumba imetulia. Nimefungua sura inayofuata, ingawa hatujafika. Mistari iliyopinda. Nimesoma ukurasa wa kwanza mara kadhaa. Sijaelewa hata kidogo.

Nimeongeza chai, nimerudi mwanzo wa ukurasa.