Baba Yuko Dukani kwa Harish

Nyanchama,

Nimeenda mkutano wa walimu. Ndizi zimeiva jikoni. Mboga za chinsaga usizitie chumvi nyingi kama jana.

Baba yako akichelewa usimtafute kilabuni. Asubuhi aliamka na hamu ya pombe. Nikamwambia, "Zungumza na mimi." Akasema, "Wewe hujawahi kulewa, utajua nini?" Iliniuma. Halafu akavaa koti akaenda mjini, kwa Harish, kuandikiana kwenye kompyuta na wale wenzake wa ng'ambo walioacha pombe. Kilabu cha hapa njiani amekipita, nilimtazama mpaka mwisho.

~~Mwambie bado nimekasirika.~~ Mpashie chakula moto. Jioni anisimulie waliyomwambia, hata habari ndefu za yule mzee wa Kanada na mbwa wake. Nitasikiliza.

Mama