Nafasi ya Jina la Tatu

Jumatatu, 2 Machi 1998

Maziwa ya Baba nimemaliza kuuza kabla ya saa tatu. Kitengela nzima hakuna mtu anauza kama mimi. Wamama wananiita Patrick Mtamu, na sikatai.

Nikapitia kwa chifu kuchukua fomu ya kitambulisho. Niko na miaka kumi na nane na ndevu saba. Fomu inataka "majina kamili". Nikaandika Patrick Mutiso, mwandiko safi kabisa. Karani akacheka. "Majina matatu, kijana. Haya mawili ni ya kuitiwa chai."

Shuleni mawili yalitosha. Kanisani walitaka la ubatizo tu. Kumbe miaka hii yote sijakamilika.

Jumanne, 3 Machi

Mama huniita Nau, yaani baba kwa Kikamba, kwa sababu Mutiso ni jina la babake. Akinituma maji lazima aombe vizuri. Huwezi kutuma babako hivi hivi.

Leo nimemuuliza jina la yule mwanamume aliyenizaa. Akaendelea kuchagua mawe kwa maharagwe. Jamaa alihepa kabla nizaliwe, na jina lake hata silitaki. Nimeuliza tu nisionekane natamani lingine.

Lingine ni la Baba. Sironka. Alioa Mama nikiwa wa miaka mitatu, kamasi mpaka kidevuni. Hakuchagua. Alitubeba wote.

Alhamisi, 5 Machi

Rafiki yangu Kamau anasema nisithubutu. "Jina la Mmaasai ni shamba, bwana. Ndugu zake watasema unataka kukatiwa kipande." Sitaki hata pa kujenga kibanda cha kuku. Nataka jina.

Jioni nikamwambia Baba, kama mzaha: "Mzee, jina lako limebaki na nafasi ya mtu mmoja?"

Akamaliza chai, akachukua rungu, akaenda kulala. Kesho anapeleka ng'ombe soko la Bisil.

Mjinga mimi.

Jumamosi, 7 Machi

Walioenda naye Bisil wamerudi. Yeye hapana. Nimeuza maziwa bila domo, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama niko na malaria.

Jumatatu, 9 Machi

Kwa chifu. Wazee watatu kwa benchi, kazi yao kusema kama wanakujua. Nafasi ya tatu kwa fomu yangu bado nyeupe. Mmoja akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Mimi, na huu mdomo wote, nikaangalia viatu vyangu.

"Wangu."

Baba, mlangoni, matope mpaka magotini. Kumbe kutoka Bisil alipitia kwa ndugu zake, boma moja baada ya lingine, kuwaambia kwanza kwamba ananipa jina. Akaweka kitambulisho chake mezani.

"Ukileta ng'ombe nyumbani na ndama wake, ndama ni wa nani?"

Wazee wakacheka. "Ni wako, Sironka."

Karani akajaza. Patrick Mutiso Sironka. Limefika mwisho wa mstari.

Ameita Mama ng'ombe mbele ya serikali. Sitamwambia. Ama nitamwambia siku nikitaka chapati.

Niligeukia ukuta kama nasoma tangazo. Nililia. Kidogo tu.

Jumanne, 10 Machi

Jua limetoka na Baba bado amelala. Hajawahi. Miguu imemvimba.

Nimezungushia mitungi gunia isigongane. Baiskeli nimeisukuma polepole mpaka barabarani, ndio nikapanda.