Chupa Ile Haikumwokoa Mwadime

Eldoret,
Jumanne asubuhi

Dada yangu Wakesho,

Mama yetu alitufundisha kwamba hata mwenye hasira hubisha hodi kwanza, kwa hiyo nabisha. Hujambo? Magoti bado yanakusumbua? Na Voi je, joto limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Huku Eldoret kuna baridi isiyoheshimu blanketi. Miguu yangu imevimba mpaka viatu vyangu vyote vimekuwa vya mtu mwingine. Juzi daktari alimwambia mwanangu Mwadime kule varandani, akidhani sisikii, kwamba moyo wangu umebakiza siku za kuhesabu. Nilisikia vizuri sana. Kilichoharibika ni moyo, masikio ni mazima.

Basi nimeshasalimu. Sasa niache nikasirike.

Jana ulipopiga simu nilimsikia mjukuu wetu Mshai akilia nyuma yako, na kitoto chake cha siku sita kikilia kumshinda. Ukaniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, "Kaka, usiwe na wasiwasi. Mtoto amekataa ziwa. Maziwa ya Mshai ni mabaya, kama yalivyokuwa yangu, kama yalivyokuwa ya marehemu mkeo Naomi. Lakini nimeshamtuma jirani dukani alete chupa na kopo la maziwa ya unga. Si ndivyo ulivyomwokoa Mwadime? Chupa ya Mwalimu!" Ukacheka. Nikataka kusema hapana, pumzi ikanikatika. Ukasema mtandao wa Eldoret ni mbovu, ukakata simu.

Mtandao haukuwa na shida, Dada. Ni mimi niliyeshindwa kusema, na si mara yangu ya kwanza kushindwa kulisema jambo hili.

Mkwe wangu, mama yake Mshai, angekuwa huko akimlea bintiye kama hangekuwa huku akiniuguza mimi. Atazipiga picha kurasa hizi azitume kwenye simu ya Mshai leo hii. Najua macho yako hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo Mshai atakusomea. Mshai, mjukuu wangu, soma kila neno, hata yale yatakayokufanya uone aibu kwa niaba yangu. Usiruke.

Chupa ile haikumwokoa baba yako. Nusura imuue.

Wakesho, unakumbuka Mwadime alipozaliwa kule Werugha. Siku ya tatu maziwa ya Naomi yalijaa mpaka kifua kikawa kigumu kama jiwe la kusagia. Mtoto alikuwa akilikamata ziwa kidogo linamponyoka, analikamata linamponyoka, kisha analia. Mama akasema maziwa yameharibika, kwani si uliyaona ya kwanza yalivyokuwa ya manjano? Akamwambia Naomi ayakamulie chini. Naomi alikuwa msichana, mgeni katika milima yetu, mtu wa Taveta ambaye mlikuwa mkimcheka anavyotamka maneno yetu. Akayakamulia chini.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba maji machafu huleta kuhara, na nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita hivyohivyo, ubaoni, kwa picha. Lakini nilikuwa na mshahara, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuupata kabla yangu, na nilitaka uonekane. Nikateremka hadi Mombasa nikarudi na chupa ya kioo yenye chuchu ya mpira, na makopo matatu yenye picha ya mtoto mnene. Mnakumbuka jinsi majirani walivyokuja kuiona chupa? Walikuja kama wanaokuja kuona gari. Nami nikaishika juu na kueleza.

Mwadime akaizoea chupa kwa siku mbili. Siku ya tatu akionyeshwa ziwa anageuza uso kama aliyetukanwa. Wiki ya tatu akaanza kuhara. Macho yakaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta haikurudi. Naomi hakuniomba ruhusa. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta nyumba tupu. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni, amekwenda kwao Mboghoni kwa mama yake.

Nilikaa wiki mbili nikiwa nimenuna. Kisha nikamfuata, na kwenye mfuko nimebeba kopo jipya.

Hili halijawahi kusemwa na mtu yeyote wa ukoo wetu, kwa hiyo sikiliza. Mama mkwe wangu alinikuta mlangoni, mikono ina udongo wa mfereji, akautazama mfuko.

"Mwalimu, umebeba nini humo?"

"Maziwa ya mtoto, Mama."

"Mtoto wa ng'ombe gani?"

Akaniambia nikiache nje, niingie nikae. Nikasema si adabu, mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe mtoto akinyonya. "Adabu tutairudia mtoto akishiba," akasema. "Keti uangalie, kisha ukafundishe."

Nikaketi. Mtoto alikuwa amevuliwa nguo zote, amelala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, leso imewafunika wote wawili. Alikuwa ameshanawiri. Mama mkwe akanieleza jinsi walivyofanya, huku Naomi akitazama ukutani. Siku za kwanza alikuwa akimkamua maziwa na kumpa mtoto kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, asisahau ladha na asife njaa. Kabla ya kumnyonyesha alikuwa akiweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya ziwa na kukamua kidogo lilainike. "Ziwa lililojaa ni mpira," alisema. "Nani anaweza kuuma mpira?"

Kisha hakumngoja mtoto alie. Mtoto anayelia ameshakasirika, hasikii la mtu. Alimletea ziwa anapoanza kuzungusha kichwa na kulamba vidole. Tumbo la mtoto kwenye tumbo la mama, kichwa na mgongo kwenye mstari mmoja, pua yake ikielekea chuchu. Chuchu inamgusa mdomo wa juu. Hapo anangojwa. Asisukumwe kichwa. Akifungua kinywa wazi kama anayepiga miayo, ndipo anavutwa kwa haraka, kidevu kikitangulia, ili aingize kinywani na sehemu nyeusi ya ziwa, siyo chuchu peke yake. "Ukimpa chuchu tu, atakutafuna na hatashiba," alisema. Ikiuma, mama anaingiza kidole pembeni mwa kinywa, anamtoa taratibu, wanaanza upya. Walianza upya siku nne. Siku ya nne usiku, ndipo alipokamata.

"Chupa inammiminia," mama mkwe akaniambia. "Ziwa lazima alifanyie kazi. Huyu ndiye mwanafunzi wako wa kwanza, Mwalimu, na umemfundisha uvivu."

Nilisikia mtoto wangu akimeza. Nilihesabu kila funda. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, na kati ya hizo mbili aibu ndiyo iliyorudi nami nyumbani.

Tulipofika Werugha, wewe ndiye uliyetoka kwanza. Ukambeba Mwadime, ukapiga vigelegele, ukasema, "Tazameni chupa ya Mwalimu ilivyofanya kazi!" Naomi alikuwa nyuma yangu. Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema kwamba mtoto ameponywa na bibi asiyejua kusoma. Nikasema, "Ndiyo. Hiyo ndiyo elimu."

Usiku nilimwambia Naomi kwamba watu wamefurahi, tuwaache. Akajibu, "Sema unavyotaka, mradi mtoto ananyonya." Na kwa mwaka mzima na zaidi alimnyonyesha chumbani, mlango umefungwa, na makopo matupu nikayapanga dirishani wapita njia wayaone. Hivyo ndivyo mume wa Naomi alivyokuwa. Andika hilo mahali.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Mwaka uliofuata ulimzaa Mkamburi. Siku ya tatu kifua chako kikajaa, mtoto akawa anakamata na kuponyoka, vilevile, hata kilio kilikuwa kilekile. Mama akasema maneno yaleyale. Nawe ukaniita mimi. "Kaka, niletee chupa kama ya Mwadime."

Naomi akaniambia, "Mwambie dada yako ukweli, ama nimwambie mimi." Nikamjibu kwamba akinifedhehesha mbele ya ukoo wangu, arudi Mboghoni asirudi tena. Hata hivyo alikuja kwako. Unakumbuka? Alikuja na kikombe kidogo na kitambaa, akakuomba akuonyeshe jinsi ya kumweka mtoto. Ukamfukuza. Ukasema, "Wewe ambaye maziwa yako yalikushinda, unataka kuja kunifinya mimi? Ni wivu tu huo." Wanawake waliokuwepo wakacheka. Naomi akanitazama.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, Wakesho. Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Ingetosha niseme, "Msikilize." Neno moja. Nilikuwa mtu wa maneno, nililipwa kwa kusema, na sikulisema.

Nikakupa chupa. Mama akakufunga leso kifuani uyakaushe maziwa, na tulikusikia hata nje ukilia kwa maumivu. Kopo lilipokaribia kwisha mkaongeza maji lidumu, nami nikaona, nikanyamaza. Mkamburi aliishi wiki kumi na moja. Alikufa kwa kuhara kulekule kulikotaka kumuua mwanangu, ila yeye hakuwa na wa kumpeleka Mboghoni.

Umekaa miaka yote hii ukiamini kwamba ulimuua kwa maziwa yako, na kwamba chupa yangu ilichelewa tu. Umenishukuru. Kila Krismasi umenishukuru! Kwenye harusi ya Mwadime ulisimama ukanishukuru. Na tulipokuwa tukimzika Naomi, jeneza liko mbele yangu, ulisimama ukasema, "Dada yetu hakuwa na maziwa, lakini Mungu alimpa mume." Watu wakatabasamu. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilimkana mke wangu akiwa ndani ya sanduku, hawezi hata kunitazama.

Nimeamka leo nikiwa nakukasirikia wewe, kwa kicheko chako cha jana, kwa yale maneno ya makaburini, kwa kumwambia msichana anayelia kwamba mwili wake umeharibika. Lakini kadiri ninavyoandika naona hasira yangu ni ya mwizi anayemgombeza aliyeibiwa. Ulijifunza kwa nani? Ulisoma kitabu nilichokuandikia mimi.

Basi nakifuta. Maziwa yako hayakuwa mabaya. Yalikuwa mazima, yalikuwa mengi, ya manjano yale ya kwanza ndiyo yalikuwa mazuri kuliko yote, na Mkamburi alihitaji tu kuwekwa vizuri na kungojwa. Si wewe.

Sipigani na kila kopo duniani. Wapo akina mama ambao kwa kweli hawana, na daktari akawaambia, na hao wasionewe na mtu. Mshai si mmoja wao. Jana nilikusikia ukilalamika kwamba analowesha nguo na shuka. Hayo yanayolowesha shuka ni chakula cha mtoto! Na hapo Voi maji mnanunua ya mitungi, hamjui yalikochotwa, kisha mnataka kuyakorogea mtoto wa siku sita?

Fanya hivi, na ufanye leo. Chupa iondoke chumbani. Mshai akamue, mtoto apewe kwa kikombe akiwa ameinuliwa, asilazwe chali. Ajaribu tena kama nilivyoandika hapo juu, na wewe ukae karibu yake, ushike mto, unyamaze. Na mwende kliniki mchana huuhuu, muombe nesi amtazame anavyonyonya na amwangalie mtoto chini ya ulimi, maana wengine ulimi umefungwa na hapo kuna kazi ya daktari. Mtoto akilegea, au nepi zikikaa kavu, msingoje mtu, hospitali moja kwa moja.

Msalimie mume wa Mshai, mwambie kazi yake wiki hii ni kufua, kupika na kuwazuia wageni wenye ushauri mlangoni. Msalimie mwanao wa kiume aliye Miasenyi na mkewe. Msalimie shemeji yetu wa Mboghoni, mdogo wake Naomi, na Mshai amsomee barua hii yote, kwa sababu ukoo wao umebeba neno letu kwa muda mrefu bila kujibu. Mwadime amesoma juu ya bega langu hadi hapa. Ametoka nje.

Sikuombi unisamehe. Huenda barua yako ikanikuta, huenda isinikute, na siyo barua ninayoitaka. Ninachotaka ni kwamba Mshai akimaliza kusoma ukurasa huu, uinuke na magoti yako mabovu, ukae nyuma yake kitandani, umshikie mgongo, na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe yale ambayo nilipaswa kukuambia mlangoni siku ile, chupa ikiwa mkononi: "Maziwa yako hayana kosa. Mngoje afungue kinywa."

Ni mimi, kaka yako,
Mwakio